Jipu Chini ya Ukanda wa Baba

Tambacounda, 9 Desemba 1986

Mpwa wangu Mbagnick,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kulikamua jipu. Wakiona limevimba tu, vidole vinawasha, hawatulii mpaka wamelibana. Naanza na hilo kabla ya salamu, na mama yako akisikia atasema Tambacounda imenimaliza adabu. Lakini barua yako ya mwezi uliopita imenikosesha utulivu, nami nilitaka neno hilo likufikie kabla hujachoka kusoma.

Sasa salamu. Mnaamkaje hapo Mbin Sarr? Mavuno ya uwele yameingia ghalani? Mama yako bado anakohoa asubuhi? Sisi huku wazima. Binti yangu Siga, ambaye nakaa kwake tangu nistaafu unesi, amejifungua mtoto wa kike. Mtani wangu Demba, yule Mtukulor wa nyumba ya pili anayetutania sisi Waserer kila siku, alikuja kumwona akasema, "Haya, Waserer wamepata mtu mwingine wa kunilimia shamba." Nikamwambia mtoto amemtazama mara moja akafumba macho, sura kama ile haitazamwi mara mbili.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Unaandika kwamba rafiki yako katika kundi lenu la mieleka ana "kijipu kidogo tu" na ungependa kujua dawa. Dawa huja baada ya kulielewa jipu, kwa hiyo nivumilie.

Ngozi ikichubuka, au unywele ukisuguliwa sana, vijidudu visivyoonekana kwa macho hupita hapo. Mwili hauvikimbii. Huvizungushia ukuta, kisha hupigana navyo humo ndani, na maiti za vita hivyo ndizo usaha. Kwa hiyo ule ugumu unaousikia kwa kidole ni ukuta, nao unakulinda. Anayekamua huona usaha kidogo ukitoka juu akafurahi. Asichokiona ni kwamba ameupasua ukuta kwa chini, na mwingine mwingi ameusukuma kuelekea kwenye damu.

Likiwa bado dogo na gumu, rafiki yako achemshe kitambaa safi, akichovye kwenye maji ya moto kiasi ambacho mkono unavumilia, alikande jipu robo saa, mara nne kwa siku. Anawe kwa sabuni kabla na baada. Kitambaa hicho ni chake peke yake. Mwiba asitie, wembe wa kinyozi asitie, majivu wala samadi asipake. Likifunguka lenyewe, alioshe na kulifunika.

Hukuniambia liko sehemu gani ya mwili. Jipu la usoni, la kinena, la karibu na uti wa mgongo, au lolote lililokuja na homa, halikandwi nyumbani. Niandikie liko wapi.

Mjomba wako,
Semou Diouf


Mbin Sarr, 28 Desemba 1986

Mjomba wangu,

Nakuamkia kwa heshima, pamoja na dada Siga na mtoto wake. Mama amefurahi mno; amesema jina wampe lolote wapendalo, mradi asiwe na masikio kama yako. Kikohozi chake kimepungua. Uwele umeingia ghalani, karanga nazo tunazipura bado. Krismasi tulichinja kondoo na kuskusi ilitosha hata kwa waliokuja bila kualikwa, akiwemo Latyr wa kundi letu la mieleka, ambaye alikula kwanza ndipo akakumbuka kusalimia.

Habari kubwa ni kwamba tarehe kumi na tano Februari nitapambana na Ngor Thiaw, mwanamieleka wa kijiji kingine. Fahali ni wa mshindi. Mjomba, hakuna mtu wa kijiji chetu aliyeshindania fahali tangu baba. Kwenye ngoma ya mavuno, mwezi wa kumi, mama alitoa sandukuni ule ukanda wa ngozi wa baba, wenye hirizi tatu, akanifunga mwenyewe juu ya kiwiko mbele ya watu wote. Akasema usifunguliwe mpaka pambano la mwisho la msimu. Wazee walilia. Nami nililia kidogo, lakini jasho lilinisitiri.

Rafiki yangu anakushukuru kwa maelezo. Anauliza, je, kile kitambaa lazima kiguse ngozi yenyewe? Kama mahali pamefunikwa na kitu, joto haliwezi kupita juu ya hicho kitu? Tena anauliza kuhusu zile kapsuli nyekundu na njano wanazouza sokoni. Amekwisha kumeza sita.

Mpwa wako,
Mbagnick


Tambacounda, 12 Januari 1987

Mbagnick,

Salamu kwenu nyote. Mtoto wa Siga anaongezeka uzito. Magoti yangu yananiuma. Demba anadai huo ni umri, nami namwambia ni uzito wa utani wake. Kwa leo salamu zitoshe.

Nimeisoma barua yako mara nne. Nilikuwa nesi miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo wagonjwa waliokuja kumwulizia rafiki walikuwa wengi kuliko wanawake waliokuja kujifungua. Sikuulizi kitu. Nijibu hili tu: huyo rafiki yako amefungwa ukanda mkono gani?

Kila jambo lina sababu zake, sikiliza. Ngozi ya mbuzi iliyokazwa juu ya ngozi ya mtu huisugua mchana kutwa. Jasho huingia chini yake lisikauke. Kisha mnaoga yale maji ya mizizi ya kinga ya wanamieleka nyote katika beseni moja na kusuguana mgongo kwa kitambaa kimoja. Hilo nalijua, nami niliogeshwa hivyo nilipokuwa kijana. Alichonacho mmoja katika mchubuko wake, nyote mnajipaka. Siyasemi maji ya mizizi vibaya. Nasema kila mtu na bakuli lake.

Jipu la kawaida hupanda juu likatafuta njia ya kutokea. Lililofunikwa na kukazwa juu likikosa njia hutafuta nyingine, na chini yake kuna nyama, mishipa na mfupa. Joto halipiti juu ya ukanda, jibu ni hapana. Na kapsuli nazo, hata zikiwa nzima na si unga wa muhogo, husafiri ndani ya damu, na damu haiingii katika ule usaha uliozungushiwa ukuta. Jipu likishaiva, ukilibonyeza kidogo linacheza kama tunda lililooza ndani. Hapo dawa yake ya kwanza ni kufunguliwa na mtu aliyesomea, kwa kisu kilichochemshwa. Vidonge au sindano hufuata, tena si kwa kila mtu.

Akiona mstari mwekundu unapanda kutoka mahali penye jipu kwenda kwapani, au tezi la kwapa limevimba, au anatetemeka kwa baridi, asikae hata siku moja.

Hakuna haja ya kuutupa ukanda. Auhamishie mkono wa pili. Naufahamu ukanda ule.

Semou


Mbin Sarr, 24 Januari 1987

Mjomba,

Hatujambo. Mama hajambo. Karanga zimekwisha.

Ni mimi. Ulijua tangu mwanzo, basi ungesema, kuliko kunizungusha na rafiki. Ni mkono wa kulia, upande wa ndani, na nusu yake iko chini ya ukanda. Sasa unalo jibu lako.

Unaandika "auhamishie mkono wa pili" kama mtu anayehamisha saa. Mama aliufunga kwa mikono yake. Nikiufungua nitamwambia nini? Jana Latyr aliniona nikiushika mkono, akasema mbele ya wote, "Jamani, Mbagnick anabembeleza mkono kama bibi harusi! Ngor Thiaw amwandalie kanga kabisa." Wakacheka mpaka wakakaa chini. Nilimwinua Latyr kwa mkono wa kushoto nikambwaga, wakanyamaza. Kwa hiyo naweza. Zimebaki wiki tatu.

Usiudharau mwandiko huu, naandika kwa kushoto. Vidole vya kulia vimenenepa, kalamu haikai. Na jua la hapa limekuwa la ajabu mwaka huu: mchana wenzangu wanatafuta kivuli, mimi naota jua.

Unasema unaufahamu ukanda ule. Nilimwuliza mama unaufahamu kwa vipi. Akaacha kupepeta, akasema, "Muulize mwenyewe. Alikuwepo baba yako alipokufa. Huu mwaka wa kumi na nane hajasema." Halafu akaendelea kupepeta. Basi nakuuliza.

Mbagnick


Tambacounda, 3 Februari 1987

Mwanangu,

Barua yako imenifikia leo saa sita mchana. Yule mwenye mkokoteni uliyempa alipitia msibani kwanza, akakaa huko siku tisa. Garimoshi linaondoka saa tisa, na Wagane, anayekagua tiketi, amekaa hapa barazani kwangu akiitazama saa yake na kuniambia, "Mzee, garimoshi halina mjomba." Ameahidi kushuka stesheni ya Guinguinéo na kuifikisha mkononi mwako kesho. Sitakusalimia.

Umeniuliza. Mwaka 1969 baba yako Diégane alimshinda kila mtu wa pande zile. Ulikuwa na miaka minne. Mwezi wa tatu nilikuja likizo, nesi mwenye koti jipya, nikamkuta amelala. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba kuanzia vidole hadi bega, ukanda umezama katika nyama. Alikuwa anatetemeka juani, kama wewe sasa. Nikasema ukanda ufunguliwe. Nikaambiwa haufunguliwi, msimu haujakwisha, ukifunguliwa atakufa. Nilikuwa na kisu na dawa katika mkoba wangu, na nilikuwa najua. Nikakaa kando ya mkeka wake, nikampangusa jasho. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Siku ya nne asubuhi watu walikwenda kisimani, nikaukata. Usaha uliotoka ulijaza kibuyu cha kunywea. Lakini ulikuwa umekwisha kuingia katika damu. Alasiri alikufa.

Na wote wakasema: mmeona? Umefunguliwa, amekufa. Niliwaacha waseme hivyo. Ilikuwa rahisi kwangu kuitwa mtu aliyeudharau mwiko kuliko kuitwa nesi aliyekaa siku tatu na kisu mkobani. Nikaomba kituo cha mbali, nikapewa huku. Ndiyo maana hamnioni.

Sikiliza mpangilio wake, Mbagnick, maana kijiji kizima kimeupindua. Baba yako hakufa kwa sababu niliufungua. Alikufa kwa sababu niliufungua siku ya nne.

Wewe una homa. Vidole vimevimba. Sijui ni siku yako ya ngapi, na kutoka hapa siwezi kuihesabu. Msomee mama yako barua hii kama ataka kuisikia, au usimsomee, lakini ukiimaliza uende zahanati kwa Nesi Téning. Usitembee, upande mkokoteni. Wagane amesimama.

Semou


Mbin Sarr, 20 Februari 1987

Mjomba wangu,

Nakuamkia kwa heshima. Tazama, ni mwandiko wa mkono wa kulia.

Wagane alifika tarehe nne kabla ya chakula cha mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Mama alikuwa anakata mabamia. Akauliza, "Kaka yangu anasemaje mpaka atume mtu wa garimoshi?" Nilitaka kusema unawasalimu. Nikamsomea yote.

Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Ameandika aliambiwa usifunguliwe. Ameandika aliambiwa na nani?"

Nikatazama tena. Nikasema, "Hapana, mama."

"Basi ni mimi. Wazee walikuwa wamekwisha kukubali. Mimi ndiye niliyelala juu ya mkono wa baba yako ili Semou asiuguse." Akafuta kisu cha mabamia kwenye kitenge chake. "Lete mkono."

Alikata ukanda kwa upande wa nje, taratibu, kama anayemfungua mbuzi kamba aliyojinyonga nayo. Hakulia, mjomba. Alikunja uso tu kwa harufu. Kisha akamwambia Wagane, "Wewe mwenye saa, mshike upande ule," wakanipandisha mkokotenini.

Nesi Téning alipoona akaguna. "Mstari umefika karibu na kwapa. Mwanamieleka, umeota hili tangu lini?" Nikasema tangu Novemba. "Novemba! Mimba changa ndiyo hufichwa, wewe unaficha jipu, nyinyi wanaume mna nini?" Akachoma ganzi pembeni, nikaruka. Akasema, "Tulia. Ngor Thiaw akisikia unaogopa sindano atakuja nayo uwanjani." Akapasua. Sikuona, lakini nilisikia limepungua, kama mtu aliyekuwa amekaa juu ya mkono wangu amesimama. Akaosha ndani, akapachika utepe wa shashi, mwisho wake mmoja ukabaki nje. Ikaja sindano ya penisilini, nyingine kesho yake, mpaka siku kumi. Siku ya tatu homa ikaniacha. Aliniambia ningechelewa siku mbili angenipeleka hospitali ya Kaolack, na huko huenda ningerudi na mkono wa shati mtupu.

Tarehe kumi na tano nilikaa na watazamaji, bandeji nimeiweka chini ya blanketi. Latyr alishika nafasi yangu. Ngor Thiaw alimbwaga kabla ngoma haijachanganya. Watu wakanigeukia, wengine wakasema nimefungua ukanda na kijiji kimepoteza fahali. Mama akasimama, akasema kwa sauti, "Fahali tutamfuga mwingine." Akakaa.

Lakini nilimwona Latyr akiingia. Alikuwa anachechemea kabla hajaguswa. Nimemwuliza, anasema ni mtoki tu, umetokana na mazoezi. Ameshika kinena namna nilivyokuwa nashika mkono. Nilipomwambia aende kwa Nesi akanijibu, "Wewe umekwisha kutuangusha, sasa unataka na mimi nivuliwe nguo?" Nikamwacha aondoke. Mimi niliyewaficha wote, nikaoga nao beseni moja, nina uso gani wa kumwambia?

Kidonda kimekaribia kufumba. Nimeacha kwenda kwa Nesi tangu juzi, njia ni ndefu. Nataka kuanza mazoezi mepesi.

Mama anasema kitanda chako kimejaa magunia ya karanga. Utaje siku ayaondoe.

Mbagnick


Tambacounda, 4 Machi 1987

Mbagnick, mwanangu,

Nakusalimu, namsalimu mama yako, na safari hii salamu zake nazirefusha. Mwambie ayaondoe magunia kabla ya Pasaka. Yale yaliyo kati yangu naye sitayaandika, nitakuja kuyasema nikiwa nimekaa jikoni kwake. Demba ameahidi kunichungia nyumba. Amesema bila Mserer jirani hata mbu watalala njaa.

Nilifurahi mpaka nilipofika kwenye maneno "kidonda kimekaribia kufumba". Tangu hapo nazunguka uani, na Siga ameniambia nikae, namtisha mtoto.

Kidonda cha jipu hujaa kuanzia chini. Ule utepe wa shashi haukuwa pambo. Ulikuwa unaushikilia mdomo wazi ili nyama iote kutoka sakafuni kupanda juu. Mdomo ukifumba kabla chini hakujajaa, panabaki uwazi, na uwazi hujaa usaha upya. Bonyeza pembeni kwa kidole safi. Pakiwa laini, pakiuma, pakitoa majimaji, hujapona. Hata pakiwa pagumu na pakavu, Nesi ndiye atakayesema. Na mpaka aseme, usimshike mtu uwanjani, maana unayemkumbatia unampa.

Kuhusu Latyr. Jipu la kinena nilikuandikia Desemba kwamba halikandwi nyumbani. Mishipa mikubwa hupita hapo. Kama ni mtoki, basi tezi limevimba kwa sababu kuna kitu chini yake kinachooza, na hicho nacho kinataka kutazamwa. Anaona aibu kuvua nguo mbele ya mwanamke. Nesi Téning amewazalisha nusu ya wanawake wa hapo na kuwatahiri wavulana wao, hana jipya la kuona.

Unauliza una uso gani wa kumwambia. Mimi nilijiuliza swali hilo nikiwa na kisu mkobani, nikalijibu kwa siku tatu za ukimya. Katika kundi lenu lote hakuna mwingine mwenye shimo mkononi la kumwonyesha. Akikucheka, mwache acheke njiani.

Barua hii imeletwa na Wagane aliyeondoka huku Jumatano, kwa hiyo ni Alhamisi na zahanati iko wazi mpaka jioni. Leo, ukiikunja tu, funga farasi kwenye mkokoteni, mpakie Latyr, mwende kwa Nesi Téning nyote wawili.

Semou